Mizani Isiyokumbuka

Baba yangu hafuti namba. Akikosea kwenye leja, anaikata kwa mstari mmoja mwembamba ili iliyokuwepo iendelee kusomeka, anatia sahihi pembeni, kisha anaandika namba mpya kwenye mstari unaofuata. Amekuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba, kijiji kimoja jirani na Lalago, tangu sijaanza shule. Kwa miaka yote hiyo sijawahi kuona kifutio mezani kwake.

Mimi nilisomea kompyuta. Nilichelewa kuelewa kwa nini hana kifutio, na kuchelewa kwangu kulimgharimu yeye.

Kama hujawahi kufika kwetu, Lalago iko wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu, kwenye barabara itokayo Kolandoto kwenda Mwanhuzi. Mkoa wenyewe ulianzishwa 2012, sehemu kubwa ukimegwa kutoka Shinyanga, na ndio unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Msimu wa kununua ukifunguliwa, watu huja na mafurushi kwa mikokoteni ya ng'ombe, baiskeli na vichwa. Pamba safi ni daraja A, pamba fifi ni daraja B. Furushi linapanda kwenye mizani, karani anasoma, anaandika stakabadhi, mkulima anakunja karatasi yake na kuificha.

Anaificha kwa sababu mizani ina historia huku. Wazee wanakumbuka masimulizi ya wazazi wao kuhusu wanunuzi wa zama za mkoloni waliokuwa wakipunja kilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Usukuma walianza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia pamba. Kutoka katika vuguvugu hilo, ambalo Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake, ulizaliwa mwaka 1955 muungano mkubwa wa vyama vya ushirika wa Kanda ya Ziwa, Victoria Federation of Co-operative Unions. Kwa hiyo ukimwambia mkulima wa kwetu kwamba hesabu zake sasa zinafanywa na kitu asichoweza kukiona, usishangae akikukazia macho.

Mwaka 2019 nilirudi likizo kutoka chuoni nikiwa na kompyuta mpakato ya mtumba na imani kubwa. Nilimkuta baba usiku anajumlisha leja kwa tochi ya simu. Chama kilikuwa kimewakopesha baadhi ya wanachama pampu za kupulizia dawa na maturubai ya kuanikia pamba. Sasa ilibidi kila deni likatwe kwenye malipo ya mwanachama kabla orodha haijapelekwa kwa mhasibu. Nikamwambia, "Baba, hii ni kazi ya dakika mbili." Aliniangalia, akasogeza taa.

Niliandika programu kwa Python kwa siku tatu. Kila mkulima alikuwa na namba moja tu, salio lake. Akiuza, salio linaongezeka. Siku ya malipo, programu inapita kwa mmoja mmoja kuanzia juu ya orodha, inachukua salio, inatoa deni, inaandika salio jipya palepale lilipokuwa la zamani. Ilikuwa inapendeza kuitazama. Nilimwambia baba anaweza kupumzisha leja. Hakubisha. Aliendelea kuandika leja.

Siku ya kukata madeni, umeme ulikatika programu ikiwa katikati ya orodha. Betri ya kompyuta yangu ilikuwa imekufa zamani, ikazimika. Umeme uliporudi jioni, niliiwasha, nikabonyeza tena kuanzia mwanzo. Ikamaliza vizuri bila kulalamika. Nikalala.

Nadhani wewe unayeandika programu umeshaona. Wale wa juu ya orodha walikuwa wamekatwa kabla ya umeme kwenda, kisha wakakatwa tena.

Aliyeligundua ni bibi mmoja jirani yetu ambaye hajui kusoma. Orodha iliposomwa pale chini ya mwarobaini, alisikiliza, akanyamaza, akafungua pindo la kanga, akatoa stakabadhi zake na kuziweka mezani moja baada ya nyingine. Akamwambia baba, "Karani, nimekujua hujaota ndevu. Nilichukua pampu moja. Mbona mmenikata mbili?"

Baba alinitazama. Nilifungua kompyuta nimwonyeshe bibi hesabu yake, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Hapakuwa na hesabu ya kuonyesha. Palikuwa na namba moja, salio, na namba hiyo haikujua ilivyofika pale. Nilikuwa nimeandika juu ya ushahidi wangu mwenyewe, mara mbili, kwa kila mtu aliyekuwa nusu ya juu ya orodha. Hata nani alikatwa mara mbili na nani mara moja sikuweza kusema.

Mkutano uliitishwa. Baba aliambiwa akae pembeni mpaka hesabu zikaguliwe. Kwa wiki tatu, mtu aliyeshika kalamu ya kijiji zaidi ya miaka ishirini alikuwa akipita njiani na watu wakikatisha mazungumzo. Wengine hawakunyamaza. Walisema mtoto wa karani kasoma ili aje atule. Pesa hazikuwa zimepotea, zilikuwa bado kwenye akaunti ya chama, na kilichomtoa baba kwenye lile shimo ni leja ambayo nilimwambia aipumzishe. Wakaguzi waliilinganisha na stakabadhi, mstari kwa mstari, zikakubaliana. Watu walilipwa kilichobaki. Baba alirudi kwenye kiti chake. Kompyuta ilirudi kwenye mkoba, na hakuna aliyeiulizia tena.

Hakunigombeza. Alisema tu, tukiwa tunarudi nyumbani, "Mwanangu, ile mashine yako haina kumbukumbu ya jana." Ningependa angenichapa.

Nilikutana na Haskell miaka miwili baadaye, kazini Dodoma, kwa mwenzangu mmoja aliyekuwa anajifunza usiku kwa kujifurahisha. Alinionyesha programu fupi na mimi nikamuuliza swali ambalo karibu kila mgeni wa lugha hizi huuliza: "Sasa nikitaka kubadilisha namba hii, nafanyaje?" Akajibu, "Hubadilishi. Unatengeneza nyingine." Nilicheka. Kisha nikaona mkono wa baba ukikata mstari mwembamba.

Neno tunalolitumia wengi wetu kwa kile chombo cha kushikia thamani kwenye programu ni kigeu. Linatokana na kugeuka. Kwenye lugha za kifanksheni kigeu hakigeuki, ukishasema salio ni elfu arobaini, jina hilo litabaki elfu arobaini hadi mwisho. Kinachofanya kazi ni fanksheni, yaani kanuni inayopokea kitu na kutoa kitu. Wazo hili lina umri mkubwa. Alonzo Church alilijengea hisabati yake miaka ya 1930, John McCarthy akaiweka sehemu yake kwenye Lisp kuanzia 1958, na Haskell yenyewe ilitoka 1990. Huko Sweden, wahandisi wa Ericsson, Joe Armstrong akiwa mmoja wao, walianza kutengeneza Erlang katikati ya miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu, na humo pia kigeu kikishapewa thamani hakipewi nyingine. Seva za WhatsApp zimejengwa kwa Erlang. Yule bibi jirani yetu hutumiwa sauti na wajukuu zake kupitia mtambo uliokataa kubadilisha vigeu.

Nitakueleza nilivyojifunza, kwa sababu maelezo mengi niliyoyasoma yalianzia mahali pasiponisaidia.

Niliambiwa fanksheni safi ni ile isiyo na athari za pembeni. Sentensi hiyo niliisoma mara kumi, ikanipita. Iliingia nilipofikiria mizani. Furushi lilelile ukilipandisha asubuhi na ukilipandisha jioni, mizani nzuri inasema kilo zilezile. Haijali furushi la nani lilipita kabla, wala karani ana njaa kiasi gani, na haiandiki chochote popote. Mizani inayokumbuka furushi lililopita na kuliongeza au kulipunguza kwenye hili ni mizani ya mwizi. Programu yangu ya 2019 ilikuwa mizani ya namna hiyo. Ukiibonyeza mara ya pili inakupa jibu tofauti na la kwanza, ingawa mkulima ni yuleyule na deni ni lilelile.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza ni huu: chukua programu yako na uitenganishe vipande viwili. Kipande kimoja ni mizani, kinapokea na kutoa jibu, basi. Kipande kingine ni karani, kinasoma faili, kinaandika, kinatuma, kinachapisha. Fanya mizani iwe kubwa na karani awe mdogo kadiri unavyoweza. Hesabu zote zikiwa upande wa mizani, utaweza kuzijaribu saa sita usiku bila kugusa faili la mtu yeyote. Hili unaweza kulifanya hata kwa Python, leo, bila kujifunza lugha mpya. Tofauti ni kwamba Haskell itakukatalia ukijaribu kumficha karani ndani ya mizani, na mimi najijua, nahitaji wa kunikatalia.

La pili ni kuacha kutunza salio. Tunza yaliyotokea. Niliporudia programu ile, moyo wake ulikuwa mistari hii:

data Tukio = Mauzo Daraja Kilo Bei
           | Mkopo Shilingi
           | Malipo Shilingi

salio :: Map Namba Tukio -> Shilingi
salio = foldl' ongeza 0

Usiogope alama. Sehemu ya juu inasema kuna aina tatu za tukio, na hakuna nyingine. Sehemu ya chini inasema: anza na sifuri, pitia matukio ya mkulima moja baada ya jingine, na kila ukifika kwenye tukio, tumia kanuni ya ongeza kupata jumla mpya kutoka jumla ya awali. Ni kile baba anachofanya kwa kidole akishuka kwenye ukurasa. Salio halihifadhiwi popote. Ukilitaka, unalihesabu upya kutoka stakabadhi, na bibi akiuliza limetokeaje, unamsomea.

Lakini nisikudanganye. Kutobadilisha peke yake kusingeniokoa 2019. Kama ningekuwa na orodha ya matukio na nikabonyeza mara mbili, ningeongeza mikopo miwili badala ya kupunguza salio mara mbili, na bibi angepunjwa vilevile. Ndiyo maana mstari wa pili kutoka mwisho hauna orodha tu, una ramani yenye namba. Kila stakabadhi ya chama ina namba iliyochapwa. Tukio linaingia chini ya namba yake, na namba moja ina nafasi moja. Stakabadhi ileile ikija mara mbili, ramani inabaki ilivyo. Ikija namba ileile yenye maneno tofauti, programu inasimama na kuuliza. Wataalamu wana majina marefu ya jambo hili. Jaribio lake ni fupi: bonyeza mara mbili uone.

La tatu ni aina. Mwanzoni kompaila ya Haskell ilinichosha. Ilikuwa inanirushia ukurasa mzima wa malalamiko kwa herufi moja. Siku moja nilijumlisha kilo na shilingi kwa bahati mbaya, ikakataa, na hasira zikaniisha. Kwenye Python zote zilikuwa namba tu, zingejumlishwa kwa furaha. Zipe kilo aina yake na shilingi aina yake. Daraja A na B yafanye majina, usiyaache yawe maandishi ambayo mtu ataandika "a" ndogo. Shilingi zihesabu kwa namba nzima, kwa maana desimali za kompyuta hupotosha kidogo kidogo na pesa za watu hazina kidogo. Na mkulima asiye na deni usimwandikie deni la sifuri ikiwa maana yako ni kwamba hujui. Haskell ina aina iitwayo Maybe kwa ajili hiyo, inayokulazimisha useme utafanya nini kitu kisipokuwepo.

Ukisoma malalamiko ya kompaila, soma lile la kwanza tu, lirekebishe, ujaribu tena. Mengi ya yanayofuata ni watoto wake. Na washa maonyo yote kwa -Wall tangu siku ya kwanza, kabla hujazoea kuyapuuza.

La nne ni uvivu. Haskell ni lugha mvivu, na kwa Msukuma aliyelelewa na jembe neno hilo halisemwi kwa sifa. Maana yake ni kwamba haihesabu kitu mpaka jibu lake lihitajike. Mara nyingi inafaa. Lakini ukitumia foldl ya kawaida kwenye orodha ndefu, inaweza kukaa inarundika ahadi, nitajumlisha, nitajumlisha, mpaka kumbukumbu ya kompyuta ijae. Ile alama ndogo kwenye foldl' inasema jumlisha sasa hivi. Niliikosa kwenye jaribio langu la kwanza na kompyuta ya mtumba ikaganda kwenye data ya kubuni. Kama programu yako inakula kumbukumbu bila sababu, anza kutafuta hapo.

Na la mwisho, monadi. Utakutana nazo, na utakutana na watu wanaotaka uzielewe kwanza. Ziache. Nilitumia miezi kadhaa kuandika programu zinazofanya kazi kabla sijaweza kuzieleza, kama nilivyosema Kisukuma kabla sijajua kina ngeli. Andika kitu unachokihitaji. Maelezo yatakukuta njiani.

Mwaka 2023 nilikwenda nyumbani na programu mpya. Sikuipeleka chamani. Nilimwomba baba aitazame, yeye peke yake, sebuleni. Nilimsomea zile aina tatu za tukio kwa Kiswahili, kwa kuwa nilikuwa nimeziandika kwa Kiswahili. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza wanachama.

Akauliza, "Na mstari mwembamba uko wapi?"

Sikumwelewa.

"Karani akikosea. Ameandika kilo arobaini na mbili, ni ishirini na nne. Anakata wapi?"

Sikuwa nimeweka. Nilikuwa nimefikiria umeme, kubonyeza mara mbili, daraja na shilingi. Mkono wa binadamu sikuufikiria. Nikaongeza tukio la nne, Sahihisho, lenye namba ya stakabadhi iliyokosewa, kilo sahihi, na sababu kwa maneno. La zamani linabaki. Nilipoiamuru kompaila, ilinionyesha kila mahali kwenye programu ambapo nilikuwa nimeshughulikia aina tatu na sasa kuna nne. Yalikuwa mahali pane. Baba alikaa nami nikiyajaza, na kwa kila pahala nilimuuliza kifanyike nini, akajibu bila kufikiri. Miaka yote ile nilidhani ana leja. Kumbe alikuwa na kanuni zote kichwani, zimekaa zinasubiri aulizwe.

Ningemuuliza 2019, yasingetokea. Hilo ndilo ninalolijua kuhusu kuandika programu, na halimo kwenye lugha yoyote. Haskell ilinisaidia kwa sababu ilinilazimisha niende polepole kiasi cha kuona kwamba niliyoyaita mapya yalikuwa mezani nyumbani, kwa wino wa bluu.

Tulipomaliza aliomba aingize stakabadhi moja mwenyewe. Akaandika kwa vidole viwili, akabonyeza. Ikaingia. Akanitazama, akabonyeza tena bila kusema kitu. Programu ikajibu kwamba stakabadhi hiyo ipo tayari, hakuna kilichobadilika. Akabonyeza mara ya tatu. Jibu lilelile.

"Sawa," alisema. "Msimu ujao tutaandika kote kuwili."

Kisha akavuta leja, akafungua ukurasa, akaniomba kalamu.